Kuondoa kebo za kipanya, kibodi na printa dukani: kipi kinafaa kuwa bila waya, na kipi kibaki na waya wake?

Stesheneri Moro

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Ninaendesha duka dogo la stesheneri mjini Morogoro pamoja na mdogo wangu, na kazi zetu ni zile mnazozijua: kuchapa barua, kudurufu vyeti, kutoa picha za pasipoti, na msimu ukifika, kuwajazia vijana fomu za mikopo ya elimu ya juu mtandaoni. Kompyuta yetu ya mezani iko kaunta, na kwa miaka mingi kebo zake zimekuwa kero isiyokwisha, kwa sababu zinaning'inia upande wa wateja, watoto wanazivuta, na ile ya printa inakatiza njia ambayo sisi wenyewe tunaipita kutwa nzima.

Mwezi uliopita niliamua kuanza kuziondoa. Nilinunua kibodi na kipanya visivyotumia waya, vinavyokuja na kipokezi kimoja kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Kwa kuwa matundu ya mbele tunayaacha kwa ajili ya flashi za wateja, kipokezi nilikichomeka nyuma ya kasha la kompyuta, ambalo liko sakafuni chini ya kaunta. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Baadaye nikaanza kuona jambo nisiloweza kulieleza: kuna nyakati kishale kinakwama katikati ya skrini, kisha kinaruka hadi pembeni, na kibodi inameza herufi. Juzi nilimchapia mzee mmoja barua ya kwenda serikali ya mtaa wake, na neno "Mwenyekiti" likatoka "Mwenykiti" mara mbili katika ukurasa mmoja. Betri nimebadilisha, hali ni ileile. Nilichogundua ni kwamba tatizo huzidi jioni, ninapohamishia picha za siku nzima kwenye diski ya nje.

Kuhusu printa, nilitaka kuihamishia chumba cha nyuma, umbali wa kama mita 9 kutoka kwenye kompyuta. Nilinunua kebo ya USB ya mita 10, na matokeo yake kompyuta mara inaiona printa, mara haiioni. Printa yenyewe ina Wi-Fi na ruta tunayo, lakini intaneti yetu ni ya bando linalohesabiwa kwa gigabaiti, na ninaogopa kwamba kila ukurasa utakaochapishwa kwa njia hiyo utalipunguza.

Naomba mnisaidie kujua kama nirudi kwenye waya moja kwa moja, au kama kuna jambo ninalolikosea. Pia ningependa kufahamu kama kuna tofauti ya maana kati ya vifaa vya Bluetooth na hivi vyenye kipokezi chake. Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Masafa

Dada, usikirudishe kifaa chako bado, kwa sababu jibu umeshalitaja mwenyewe uliposema habari ya diski ya nje. Nenda ukaangalie nyuma ya kasha, na ninaamini utakuta diski hiyo imechomekwa kwenye tundu lenye ulimi wa buluu, yaani USB 3.0, na kipokezi chako kiko kwenye tundu la jirani yake.

Vifaa vingi vya aina yako hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. USB 3.0 kwa upande wake hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa namna data hiyo inavyochanganywa kabla ya kusafirishwa, waya wake, tundu lake na hata kasha la diski hutoa kelele ya redio iliyotandazwa kwenye masafa mapana yanayoifunika hiyo gigahezi 2.4 yote. Kelele hiyo ni ndogo na haifiki mbali, lakini kipokezi kilichokaa sentimita 2 kutoka kwenye chanzo chake ni kama mtu anayejaribu kusikiliza simu akiwa amesimama kando ya mashine ya kusaga nafaka. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012, na walichokipima kilikuwa hichohicho kinachokusumbua, kwamba kipanya kisicho na waya huanza kukwama diski ya USB 3.0 inapofanya kazi karibu na kipokezi. Ndiyo maana asubuhi mambo huwa shwari na jioni yanaharibika: asubuhi diski imelala.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Nunua kebo ya kurefushia ya USB 2.0, yenye urefu wa mita 1 au 1.5, uichomeke kwenye tundu lisilo la buluu, kisha kipokezi ukiweke upande wa pili wa kebo hiyo, juu ya kaunta, mahali kinapoonana na kibodi bila kitu katikati. Najua inasikitisha kuongeza kebo wakati unajitahidi kuzipunguza, lakini hii hupita nyuma ya skrini na hakuna mteja atakayeifikia. Utakuwa umetatua na tatizo la pili ambalo hukulitaja, nalo ni kasha la kompyuta. Kipokezi chako kilikuwa nyuma ya sanduku la chuma, chini ya kaunta, na mawimbi yalilazimika kulizunguka sanduku hilo na miguu yako kabla ya kufika. Chuma huyazuia mawimbi haya, na mwili wa binadamu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya.

Masafa hayo yana wapangaji wengi. Wi-Fi ya ruta yako imo humo, Bluetooth imo, na hata jiko la mikrowevu huvujisha kidogo pale pale. Ikiwa ruta yako iko kaunta, isogeze angalau mita moja kutoka kwenye kipokezi, na kama ina gigahezi 5, simu na kompyuta mpakato zihamishie huko ili 2.4 ibaki na nafasi.

Kuhusu swali lako la Bluetooth, tofauti ipo, ingawa masafa ni yaleyale. Bluetooth ilianza katika maabara za Ericsson huko Lund, Sweden, mwaka 1994, kwa lengo lilelile ulilonalo wewe, yaani kuondoa kebo fupi kati ya kifaa na kifaa. Ile ya kawaida iligawa masafa yake katika chaneli 79, na huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejua kuzikwepa chaneli ambazo Wi-Fi imezishika. Faida yake kwako ni kwamba haichukui tundu la USB, na kipanya kimoja kinaweza kuunganishwa na kompyuta au simu yoyote yenye Bluetooth. Hasara yake huonekana siku mbaya: kompyuta ikikataa kuwaka vizuri na fundi akataka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya mfumo endeshi kuwaka, kibodi ya Bluetooth kwa kawaida bado haijatambuliwa, kwa sababu mfumo endeshi ndio unaoiendesha. Kibodi yenye kipokezi chake hujitambulisha kama kibodi yoyote ya USB, kwa hiyo inafanya kazi tangu sekunde ya kwanza. Kwa kompyuta ya mezani ya kazi, mimi huchagua kipokezi.

Mwalimu wa Tarakilishi

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu aliyetangulia amelimaliza suala la kipanya, nami nitashughulikia printa, kwa kuwa nimehangaika nazo shuleni kwa miaka kadhaa.

Kwanza ile kebo ya mita 10. Kikomo cha kebo ya USB 2.0 ni mita 5, na sababu yake si nguvu ya umeme peke yake. Tarakilishi hutuma ujumbe na kusubiri jibu kwa muda mfupi sana uliopangwa, na kebo ikirefuka kupita kiasi, jibu huchelewa na huhesabiwa kuwa halikuja. Ndiyo maana printa yako inaonekana na kupotea. Kebo hiyo haikuharibika, ila imeombwa kazi isiyoiweza, na hakuna mpangilio wa kwenye tarakilishi utakaoirekebisha.

Pili, bando. Hili nataka uliondoe moyoni kabisa. Unapochapisha kupitia ruta, waraka hutoka kwenye tarakilishi, hufika kwenye ruta, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye printa. Hautoki nje ya jengo lako, na mtoa huduma wako wa intaneti hana habari nao. Unaweza kujihakikishia mwenyewe: siku bando likiisha, chapisha ukurasa, nao utatoka. Kinachoweza kula bando ni huduma za ziada ambazo kampuni za printa huziwasha siku ya kwanza, kama vile kuchapisha kupitia wavuti na kupakua masasisho, na hizo zizime kwenye menyu ya printa.

Sasa nikueleze kitakachokuudhi, ili kisikukute hujajiandaa. Utaunganisha printa, itafanya kazi wiki nzima, halafu siku moja umeme utakatika na kurudi, na tarakilishi itakuambia printa haipo hewani ilhali taa yake inawaka na Wi-Fi yake inaonyesha imeunganishwa. Watu wengi hapo huifuta na kuisimika upya, na baada ya kukatika kwa umeme mara nyingine wanarudia palepale. Kinachotokea ni kwamba ruta hugawa anwani kwa kila kifaa kinapounganishwa, na umeme unaporudi na vifaa vyote kuomba anwani kwa pamoja, printa inaweza kupewa tofauti na ile ya jana, huku tarakilishi ikiendelea kuitafuta nyumba ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, na uifunge anwani ya printa isibadilike tena. Kwetu maktabani, tangu tulipofanya hivyo, wanafunzi wameacha kuniita kila umeme unaporudi.

Zingatia pia kwamba printa nyingi za bei ya chini huona gigahezi 2.4 tu. Ukiitafuta Wi-Fi yako kwenye printa na jina lisionekane, yamkini unatafuta ile ya gigahezi 5.

Na kwa kuwa tarakilishi yako ni ya mezani, haihami, nakushauri uiunganishe na ruta kwa kebo ya mtandao, ile yenye kichwa cha plastiki kinacholia "tak" kinapoingia. Kebo hiyo inaruhusiwa kufika mita 100, kwa hiyo mita 9 zako hazina neno. Printa yako ikiwa na tundu hilo, iunganishe vivyo hivyo, na usihitaji Wi-Fi hata kidogo. Najua kichwa cha mada ni kuondoa nyaya, lakini kilichokutesa ni waya mfupi unaokatiza njia, na kebo nyembamba iliyopigiliwa juu ya ukuta pembeni mwa dari haimkwazi mtu yeyote.

Ruta yako iweke kwenye UPS, yaani kile kifaa chenye betri ya akiba ya umeme, pamoja na tarakilishi. Printa ya leza usiiweke humo, kwa sababu inapopasha joto ule mtambo wake wa kuyeyushia unga wa wino hufyonza umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzidiwa.

Mlinzi wa Data

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo linahusu kibodi.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza kasoro waliyoiita MouseJack, iliyohusu vipanya na kibodi vyenye vipokezi vya gigahezi 2.4 kutoka kwa watengenezaji kadhaa wakubwa. Kwa kutumia kifaa kidogo cha redio cha bei nafuu, mtu aliyekaa mbali kidogo angeweza kutuma kwenye kipokezi herufi ambazo mwenye kompyuta hakuzibonyeza, na kompyuta ikazipokea kana kwamba zimetoka kwenye kibodi yake. Mwaka huohuo walionyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei ya chini zilikuwa zikituma kila herufi bila kuifumba, yaani mtu mwingine angeweza kusoma unachochapa hewani. Bluetooth nayo si kinga kamili: mwishoni mwa mwaka 2023 ilitangazwa kasoro iliyomwezesha mtu kuunganisha kibodi ya uongo kwenye baadhi ya simu na kompyuta bila mwenyewe kukubali, na marekebisho yake yalikuja kupitia masasisho ya mifumo endeshi.

Dada, wewe unawajazia vijana fomu. Maana yake katika kibodi hiyo zinapita nywila zao, namba zao za utambulisho na taarifa za wazazi wao, tena kwenye kaunta ambayo mtu yeyote anaweza kusimama mbele yake kwa nusu saa akisubiri zamu. Kipanya hakina siri. Mtu akisoma mwendo wa kishale chako hapati kitu cha maana. Kwa kibodi, kama kwenye boksi haijaandikwa kwamba mawasiliano yake yamesimbwa (yamefumbwa) kwa AES ya biti 128, njia ya kufumba data isisomeke na mtu mwingine, mimi ningeirudishia waya. Kebo ya kibodi ni moja, inakaa upande wako, na haiishiwi betri katikati ya fomu.

Na wateja wanaotaka kuchapisha kutoka kwenye simu zao wasipewe nywila ya Wi-Fi ambayo printa na kompyuta zimo. Wakikutumia waraka kwa WhatsApp inatosha.

Stesheneri Moro

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimefanya mliyonielekeza na ninaleta mrejesho.

Diski ilikuwa kwenye tundu la buluu kama Fundi alivyosema, na kati yake na kipokezi hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilianza kwa kujaribu bila kununua chochote: nilianza kunakili picha, nikasogeza kipanya, kishale kikakwama kama kawaida. Nikachomoa kipokezi, nikakiweka kwenye tundu la mbele, na kunakili kukiwa bado kunaendelea, kishale kikatembea bila kusita. Siku ya pili nilinunua kebo ya kurefushia, na sasa kipokezi nimekibandika kwa gundi ya karatasi chini ya ukingo wa skrini. Nimeshachapa barua za siku nne bila herufi kupotea.

Maneno ya Mlinzi wa Data yameniingia. Boksi la kibodi yangu halisemi lolote kuhusu kusimbwa, kwa hiyo kibodi ya zamani yenye waya imerudi kaunta, nami nimepitisha kebo yake kwenye tundu tulilotoboa nyuma ya meza. Hawa vijana wanatuamini na nywila zao, na sitaki kuja kusikia kwamba fomu ya mmoja wao ilichezewa kwa sababu ya uzembe wangu. Kibodi isiyo na waya nimeiweka kando, na kipokezi kinabaki na kipanya.

Printa iko chumba cha nyuma kwa Wi-Fi, anwani imefungwa, na umeme umekatika mara mbili tangu hapo bila printa kupotea. Bando nimelifuatilia, halikusogea.

Limebaki swali moja. Diski ya nje ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Je, hakuna diski isiyotumia waya, ili nayo niiondoe kaunta?

Fundi wa Masafa

Nimefurahi kusikia hivyo, Dada, na hasa kwa lile jaribio la kuhamisha kipokezi wakati kunakili kunaendelea, kwa sababu hapo umejithibitishia mwenyewe.

Diski za Wi-Fi zipo, lakini kwa kazi yako sikushauri. Fikiria kiasi cha mzigo unaobebwa. Kibodi inapotoa taarifa ya herufi uliyobonyeza, ujumbe wake kwa kawaida ni baiti 8. Ukurasa wa A4 uliochanganuliwa kwa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, ni kama megabaiti 26 kabla ya kubanwa, na Wi-Fi huumudu kwa sekunde chache. Sasa chukua picha zako za wiki, tuseme gigabaiti 8. Diski ya nje ya kawaida kwenye USB 3.0 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itazimaliza katika sekunde 80. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yenye antena moja ina kikomo cha makaratasi cha megabiti 72 kwa sekunde (kumbuka baiti moja ni biti 8), na ukipata nusu yake katika hali halisi ya duka, kazi ileile itachukua karibu nusu saa, huku ikibanana na printa na simu muda wote huo.

Walikuwapo waliojaribu kuliondoa pengo hilo. Mwaka 2005 ilitolewa USB isiyo na waya, iliyotumia masafa mapana kuanzia gigahezi 3.1 hadi 10.6, ikaahidi megabiti 480 kwa sekunde ndani ya mita 3 na megabiti 110 kufikia mita 10. Mwaka 2008 USB 3.0 ikatangazwa na gigabiti zake 5, na vifaa vya ile isiyo na waya vikatoweka sokoni bila kuenea. Kwa mzigo mdogo unaokwenda kidogo kidogo, redio imeshinda; kwa mzigo mkubwa ulio mezani pako, waya bado uko mbele.

Unachoweza kufanya ni kuangalia kama ruta yako ina tundu la USB. Kama lipo, diski ichomeke huko nyuma, na ukiiunganisha kompyuta yako na ruta kwa kebo ya mtandao kama Mwalimu alivyokushauri, picha zitapita kwenye kebo hiyo na diski itakuwa imeondoka kaunta. Ruta za bei ndogo huandika polepole, kwa hiyo jaribu kwanza na picha za siku moja uone dakika zake. Na kama tundu hilo la ruta ni la buluu, tumia kebo ndefu kidogo kuiweka diski mbali na antena, kwa sababu kelele yake itaisumbua Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kama ilivyokisumbua kipanya chako, na safari hii atakayeumia ni printa.